Fundi mzuri wa gereji: jinsi ya kumpata na jinsi ya kutompoteza



Kila nikikaa na wenye gereji wenzangu hapa Dar, wimbo ni ule ule: mafundi hawana shukrani, unamfundisha mtu, akiiva anakula kona na wateja wako anaondoka nao. Na mimi niliuimba wimbo huo miaka mingi. Leo naandika niliyojifunza tangu nifungue gereji yangu Tabata mwaka 2008. Anayetaka kufungua yake asirudie makosa yangu.

Nianze na kosa kubwa kuliko yote. Mwaka 2013 nilikuwa na fundi mmoja kijana, mikono ya dhahabu. Akamwaga oili kwenye Vitz ya mteja, akaweka mpya, gari ikaondoka. Siku ya pili mteja anapiga simu, taa ya oili imewaka, yeye akaendelea kuendesha hadi injini ikanoki. Nati ya kumwagia oili kwenye sampo ilikuwa imelegea, oili yote barabarani. Nikanunua injini ya mtumba Kariakoo, kisha nikaanza kumkata yule kijana nusu ya mshahara kila mwezi. Mwezi wa tatu akasepa. Akafungua kijiwe chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka getini kwangu, na wateja wakamfuata.

Niliona nimeonewa. Mpaka saidia fundi wake aliponikumbusha: "Bosi, fundi si alikwambia ile nati imeliwa meno? Ukasema apake silikoni gari iende, mteja anasubiri." Ni kweli, nilisema. Kumbe nilikuwa namkata mtu kwa amri yangu mwenyewe.

Sasa tuende hatua kwa hatua.

1. Wapi pa kumpata

Njia ya kwanza ni vyuo. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina vyuo mikoani, kwa hapa Dar kinachojulikana zaidi ni cha Chang'ombe. Wanafunzi huhitaji sehemu za kufanyia mazoezi ya kazi. Mchukue kijana akiwa mazoezini, umtazame kwa wiki kadhaa, utajua kama anafaa kabla hujampa mkataba. Mafundi wangu wawili wa sasa niliwapata hivyo.

Njia ya pili ni mitaani. Wapo mafundi waliojifunza kwa kushika spana tangu wadogo, hawana karatasi yoyote, lakini akisikiliza injini anakwambia ugonjwa. Usimdharau huyu. VETA wana utaratibu wa kumpima na kumtambua mtu aliyepata ujuzi nje ya darasa, akifaulu anapata cheti. Ukimlipia gharama hiyo fundi wako wa mtaani, umemjengea heshima ambayo hataisahau.

Njia ya tatu ni kumrubuni fundi wa gereji ya jirani kwa kumwongezea hela kidogo. Nilifanya hivyo mara mbili, na wote wawili waliondoka kwa njia ile ile waliyojia.

2. Kumpima kabla ya kumwajiri

Maneno matamu hayatoshi. Mimi nampa siku moja ya majaribio, na ninailipa. Naangalia mambo manne.

Kwanza, gari inayokosa moto. Kompyuta inasoma P0301, yaani silinda namba moja haichomi vizuri. Asiye fundi ataagiza koili na plagi zote nne hapo hapo. Fundi anahamisha koili ya namba moja kwenda namba mbili, anafuta kosa, anapima tena. Ikisoma P0302, koili ndiyo mbovu. Isipohama, anaendelea kutafuta: plagi, nozeli, waya, komprehensheni. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Pili, namuuliza: gari ina gia boksi ya CVT, nikikupa oili ya otomatiki ya kawaida utaweka? Akisema "oili ni oili bosi", tunaagana vizuri.

Tatu, usalama. Akiingia chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, bila stendi, simwajiri hata kama ni hodari namna gani. Sitaki kupeleka msiba nyumbani kwa mtu.

Nne, anavyofunga tairi. Anakaza nati kwa mkabala, au anazunguka tu? Anatumia spana ya kupima nguvu, au anapanda juu ya bomba? Toyota ndogo nyingi nati za tairi hukazwa kwa Nm 103. Asipokijua kiwango hicho si tatizo. Tatizo ni akicheka nikimwambia kuwa kipo.

Jambo moja zaidi ambalo halipimwi kwa spana: anasema "sijui"? Fundi anayesema "hili sijawahi kuliona, ngoja niulize" amenipunguzia hasara nyingi kuliko wale wajuaji.

3. Mkataba na sheria

Wengi wetu tunaajiri kwa mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inataka masharti ya kazi yawe kwenye maandishi. Mambo ya msingi ni haya:

- Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku, wala siku 6 kwa wiki.
- Muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu.
- Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yenye malipo.
- Anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza, notisi yake ni siku zisizopungua 28. Na wewe ukimwachisha, ni hivyo hivyo.
- Akiondoka ana haki ya cheti cha utumishi.

Halafu kuna NSSF, michango yake ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Na tangu Julai 2015 waajiri tunachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa ajili ya anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mchango huu ni wa mwajiri, usimkate fundi. Gereji ina feni zinazokata vidole na rejeta zinazorusha maji ya moto. Siku fundi akiumia ndiyo utaelewa faida yake.

4. Malipo

Gereji nyingi zinalipa kwa mgawo: kazi ikiingia mnagawana hela ya ufundi, isipoingia kila mtu na njaa yake. Mfumo huu unamfundisha fundi kukimbiza gari. Atachukua kazi rahisi zenye hela ya haraka, na ile ngumu ya kutafuta hitilafu ya umeme kila mtu ataikwepa.

Mimi sasa nachanganya. Kuna mshahara wa kudumu, juu yake asilimia 15 ya hela ya ufundi wa kazi zake. Mfano: mshahara 400,000, kazi zake za mwezi zikaleta ufundi wa 1,200,000, anapata 180,000 juu, jumla 580,000 kabla ya makato ya kisheria. Gari ikirudi na ugonjwa ule ule, inatengenezwa bure na haina mgawo. Hapo anajifunza kukagua mwenyewe kabla hajanikabidhi ufunguo.

Na mshahara utoke tarehe ile ile. Fundi anayedaiwa kodi ya chumba atatafuta hela popote, na mahali pa karibu kabisa ni kwenye spea.

5. Cha juu

Tusidanganyane, hili ndilo linaloua gereji nyingi. Fundi anatumwa Kariakoo kununua breki pedi, anarudi na risiti iliyoongezwa, au ameleta feki akalipia bei ya feki na kuandika bei ya orijino. Mteja akigundua hamlaumu fundi, anailaumu gereji.

Nilijaribu kufoka, haikusaidia. Kilichosaidia: spea zote nanunua mimi au mteja mwenyewe kwa duka tulilozoea, risiti inapigwa picha na kutumwa kwa mteja, na spea ya zamani inarudishwa kwenye buti lake. Faida ya gereji kwenye spea ipo wazi, mteja anaijua. Lakini ukimzibia fundi mlango wa cha juu bila kumwongeza mshahara, jua umemfungulia mlango wa kutokea.

6. Makosa yakitokea

Hapa narudi kwa yule kijana wangu. Sheria hairuhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara kienyeji. Ni lazima awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nusu niliyokuwa nakata mimi ilikuwa kinyume cha sheria, na kosa lenyewe lilikuwa la kwangu. Angetaka angenipeleka CMA, na angeshinda.

Siku hizi kila gari ina karatasi. Fundi akiona kitu kibovu anaandika, mteja anasaini kukubali au kukataa kitengenezwe. Na fundi yeyote ana ruhusa ya kukataa kutoa gari asiyoiamini, hata mimi nikiwa na haraka. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu kiburi changu, na ndilo mafundi wangu wanaloliheshimu kuliko mshahara.

7. Akitaka kuondoka

Ataondoka tu, wengine. Fundi hodari ana ndoto ya gereji yake, kama uliyokuwa nayo wewe. Mpe cheti chake, mlipe stahili zake, usimtukane kwa wateja.

Yule kijana wa mwembe nilimfuata mwaka 2015. Nilimrudishia hela niliyomkata, nikamwomba radhi mbele ya saidia fundi wake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Yameisha mzee." Hakurudi kazini kwangu na sikumwomba arudi. Lakini gari yenye ugonjwa wa umeme ikinishinda nampelekea, na yeye gari za kunyanyua injini ananiletea, kwa kuwa winchi ninayo mimi.

Wenye gereji wenzangu, na nyie mafundi mnaosoma, ongezeni pale nilipokosea.

Naomba kutoa hoja.