Habari ya Maji Ilivyosafiri: Funzo la Utafiti kutoka Masasi

Mwanafunzi wa theolojia anayeandika historia ya usharika hana budi kujiuliza kwanza: habari hii ilipitia kwa nani hata ikanifikia? Wataalamu wa mawasiliano wamelifanya swali hilo kuwa msingi wa kazi yao. Mwaka 1948 Mmarekani Harold Lasswell alimtaka mtafiti aulize nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Makala hii inayapima maswali hayo kwa Vita vya Majimaji katika nchi ya Masasi na Newala.

Masasi ilikuwa na kituo cha misheni ya Kianglikana ya UMCA tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Mwaka 1905 kituo kiliteketezwa, na wamisionari wakakimbilia pwani. Shahidi wa namna hiyo huweza kueleza vema moto, hofu na hasara. Lakini juu ya jinsi habari ya maji ilivyosafiri angejua machache, kwa kuwa ilifichwa makusudi ili watu kama yeye wasiisikie.

Miaka ya 1968 na 1969 wanafunzi na walimu wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Utafiti wa Gilbert Gwassa huko Umatumbi ulihifadhi neno njwiywila, yaani habari ya kunong'onezana. Ndugu alimnong'oneza ndugu juu ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake, na watu wakasafiri kwenda kumwona. Bila ushuhuda huo, swali la “kwa njia gani” lingebaki bila jibu la kutosha.

Hata hivyo, ushuhuda wa wazee nao hupimwa. Ulikusanywa miaka zaidi ya sitini baada ya vita, katika taifa lililopata uhuru mwaka 1961 na lililotafuta mizizi ya umoja wake. Muulizaji alikuwa na matarajio yake, na mzee aliyatambua. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba kila nchi ilikuwa na sababu zake za kupigana au kutopigana.

Jambo hilo laonekana dhahiri huku kusini. Barnaba Nakaam, mtawala wa Kiyao aliyekuwa Mkristo, hakujiunga na wapiganaji. Alisimama upande wa misheni na serikali. Wengine walisikia habari ile ile wakashika silaha. Mwaka 1973 Stuart Hall aliandika huko Uingereza kwamba msikilizaji hapokei ujumbe kama chombo kipokeavyo maji, bali huufasiri kwa hali yake. Mhubiri yeyote ajua ukweli huo kila Jumapili.

Nasi Walutheri tunahusika, kwa maana kituo cha Yakobi huko Ubena kilishambuliwa mwaka huo huo wa 1905. Basi atakayeandika habari zetu na afuate taratibu tatu. Kwanza, aseme kila shahidi alisimama wapi alipoona au kusikia. Pili, atofautishe kilichosemwa na kilichosikika. Tatu, barua na simulizi zikipingana, asiharakishe kuzipatanisha, kwani mara nyingi tofauti yenyewe ndiyo habari.

Kanisa lisomalo barua za wamisionari peke yake litawahukumu mababu wa waumini wake kuwa wajinga waliodanganywa kwa maji. Kanisa lipokealo simulizi bila kuzipima litawasahau Wakristo weusi waliokuwa na hofu na uamuzi wao wenyewe. Mwinjili Luka aeleza kwamba maandishi mengi yalikuwapo na mashahidi walikuwapo, lakini yeye bado alijitwika kazi ya kuchunguza yote tangu mwanzo. Mashahidi wa mwaka 1905 wamekwisha kulala. Wajukuu wao wangali wakiketi katika viti vya makanisa yetu, nao hawajaulizwa wote.