Ndia Kuu: Barabara Kongwe ya Mombasa na Siku Nzito ya Agosti 1631

Kila nyumba ya Mji wa Kale inapovunjwa na mahali pake pakainuliwa ghorofa la saruji lenye madirisha ya aluminiamu, mabishano huwa yale yale. Mwenye nyumba hulalamika kwamba boriti zimeoza, roshani imeliwa na mchwa na fundi wa kuchonga mbao hapatikani kwa bei anayoiweza. Wapenzi wa turathi hujibu kwamba mji wote huo ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maneno huruka wiki moja au mbili, kisha kokoto humwagwa na ujenzi ukaendelea. Katika makelele hayo Ndia Kuu hutajwa kama anwani ya maduka ya vinyago. Wachache sana hukumbuka kwamba tarehe 16 Agosti 2031 itatimia miaka 400 tangu barabara hii ione siku ngumu kuliko zote ilizowahi kuziona.

Ndia Kuu inaanzia karibu na lango la Ngome ya Yesu na kupanda kaskazini sambamba na pwani, hatua chache tu kutoka majini. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe wa kilomita za mraba zipatazo 14, kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mkono wa kusini, Kilindini, una kina kirefu na ndio unaopokea meli kubwa leo. Mkono wa kaskazini, unaoingia Tudor, ni mwembamba zaidi, lakini kwa jahazi na mitepe ulitosha na kubaki. Vyombo viliteremka na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, vikatia nanga kwenye maji matulivu chini ya mji, vikangoja kusi ya kurudi nayo. Ndiyo maana mji wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, ulijengwa ukitazama upande huo. Watu wa Kilindini, Tangana na Changamwe, yaani Thalatha Taifa, walikuwa na makao yao upande wa pili wa kisiwa kabla ya kuhamia huku na kuishi na Tisa Taifa, kundi la pili la wenyeji wa mji.

Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 na kuandika habari za watu wa dini na misikiti yao ya mbao. Vasco da Gama alifika Aprili 1498 akaondoka bila ya mapatano. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteketeza mji, na Nuno da Cunha akafanya vivyo hivyo zaidi ya miaka 20 baadaye. Mwaka 1589 Wazimba walivuka kutoka bara huku manowari za Wareno zikiwa baharini, na mji ukabanwa pande zote mbili. Ndipo mwaka 1593 ukaanza ujenzi wa Ngome kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Hayo kila mtoto wa shule huyasoma. Yasiyosomwa ni kwamba Wareno walijenga nyumba zao nje ya kuta za Ngome, kwenye barabara iliyotoka langoni kwenda kaskazini, wakaiita Raposeira. Huko kaskazini walisimamisha nyumba ya watawa wa Augustino. Barabara hiyo ndiyo Ndia Kuu ya leo.

Habari za 1631 tunazipata zaidi katika kitabu cha mwanahistoria Mwingereza G.S.P. Freeman-Grenville kilichotoka mwaka 1980, kilichokusanya na kutafsiri ushahidi uliotolewa baada ya tukio huko Goa, makao ya utawala wa Wareno Bara Hindi. Makala haya yanakitegemea sana. Msomaji ajue mapema kwamba ushahidi huo uliandikwa na Kanisa, kwa nia ya kuwatangaza waliouawa kuwa mashahidi wa imani.

Kisa kinaanza na kichwa cha mtu. Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa Malindi uliowekwa na Wareno kutawala Mombasa, aligombana na nahodha wa Ngome, Manuel de Melo Pereira. Mwaka 1614 alikimbilia bara kwa majirani wa Rabai. Wareno walitoa rushwa, sultani akauawa na wale wale aliowakimbilia, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Aliacha mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, jina lake Yusuf.

Mtoto huyo naye alipelekwa Goa, mji ule ule uliopokea kichwa cha baba yake. Watawa wa Augustino walimlea, wakamsomesha, wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alipokua alitumikia katika vyombo vya vita vya Wareno na kujifunza kazi ya mizinga. Mwaka 1626 alitawazwa kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, akarudishwa nyumbani akiwa amevaa Kireno na kuzungumza Kireno. Mwaka uliofuata barua ya utii ilitumwa kwa jina lake kwa Papa wa Roma. Kwa watawa hao, kazi yao ilikuwa imezaa tunda.

Mombasa ilimpokea kwa shaka pande zote. Waislamu wa mji walimwona Mreno aliyebadilishwa ngozi, na Wareno walimwona mzalendo aliyebadilishwa nguo. Nahodha mpya, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau hadharani. Kisha zikamfikia nahodha habari kwamba mfalme anaonekana usiku kwenye kaburi la baba yake, akimwombea kwa desturi ya Kiislamu. Kwa sheria za Wareno huo ulikuwa uasi wa dini, na mahali pa kuhukumiwa mwasi wa dini palikuwa Goa.

Yusuf hakungoja kusafirishwa mara ya pili. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamchoma nahodha jambia kwa mkono wake mwenyewe. Ngome iliyojengwa kuzuia mizinga ya Waturuki ilitekwa na mtu aliyekaribishwa mlangoni kama mgeni. Watu wake wakashuka mjini na kuzitia moto nyumba za Wareno za Raposeira. Waliosalimika walikimbilia nyumba ya watawa na kujifungia humo. Mfalme, ambaye sasa alikuwa amerudia jina lake la Yusuf bin Hasan, aliwapa hiari: wasilimu waishi. Wengi walikataa. Baada ya siku chache walitolewa na kuongozwa kuelekea Ngomeni, wakauawa njiani, na njia yenyewe ni hii hii wanayopita watalii na kamera zao. Wanawake na watoto hawakuachwa. Kwa jumla waliokufa walikaribia 300, Wareno pamoja na Waafrika waliobatizwa, na hao wa pili hutajwa kwa nadra mno.

Sisemi kwamba yaliyotendeka yalikuwa haki. Mtoto aliyeuawa Ndia Kuu hakumkata kichwa Sultani Hasan. Lakini ninapinga namna kisa hiki kinavyosimuliwa kana kwamba kilianza asubuhi ile ya Agosti, kana kwamba mtu mmoja mwenye hila aliamka tu na kuwageuka waliomlea. Kilianza miaka 17 nyuma, kwa rushwa na kwa mtoto kutolewa kwao akapakiwa chomboni. Watoto wetu wanastahili kukisikia chote.

Mwanzoni mwa 1632 Wareno walileta manowari kutoka Goa, wakaizingira Ngome kwa miezi miwili hivi, wakashindwa na kuondoka. Mgeni huweza kudhani Yusuf angebaki akatawala. Hakubaki. Mji haukumwamini hata baada ya ushindi huo, na mwezi wa Mei alibomoa alichoweza kubomoa Ngomeni, akachukua mizinga, akatweka kwa chombo alichokiteka kwa Wareno. Alimaliza maisha yake akiwaandama baharini, akafa Jeddah mwaka 1638. Wareno walirudi Ngomeni bila kupigana. Ukisimama langoni leo na kuinua macho utaona jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno linalomtaja nahodha Francisco de Seixas de Cabreira na mwaka 1635, likijisifu kwa namna alivyoitengeneza upya Ngome na kuutia adabu mwambao. Maneno ya walioshinda yamechongwa juu ya lango. Yusuf hana jiwe.

Baada ya hapo dola zilipishana upesi. Waomani waliizingira Ngome kuanzia Machi 1696 na kuiteka Desemba 1698. Wareno walirudi kwa kitambo kifupi mwaka 1728, wakafukuzwa na wenye mji. Mazrui waliotumwa kuwa maliwali wa Oman wakajitawala wenyewe kwa takribani karne nzima, enzi ambayo mji ulimtoa mshairi Muyaka bin Haji. Mwezi wa Februari 1824 nahodha Mwingereza William Fitzwilliam Owen alifika na manowari *Leven*, akakuta bendera ya Uingereza tayari inapepea, imepandishwa na Mazrui wenyewe kwa kumkhofu Seyyid Said, mtawala wa Oman. Owen akakubali kuwalinda. Gavana wake wa kwanza, kijana Reitz, alikufa kwa homa mwaka ule ule na kuacha jina lake Port Reitz, na London ikaufuta mpango mzima mwaka 1826. Jina la manowari lilibakia kwenye Leven House, ng'ambo ya ncha ya juu ya Ndia Kuu, na kwenye ngazi za mwamba zinazoteremka baharini. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa.

Kisha ukaja wakati ambao Ndia Kuu ilikuwa kweli barabara ya mji mkuu. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilifanya Mombasa makao yake mwaka 1888, na tarehe 1 Julai 1895 himaya ikatangazwa. Ofisi, forodha, wenye hoteli na wafanyabiashara wa Kihindi walijibana katika eneo hili dogo kati ya Ngome na Bandari ya Kale. Nyumba nyingi tunazozihurumia leo ni za miaka hiyo: duka chini, makazi juu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, na roshani ya mbao iliyonakshiwa ikining'inia juu ya njia ili kukamata upepo wa bahari.

Katikati ya njia palipita reli nyembamba. Kampuni ilikuwa imeanza kujenga reli ya kwenda bara ikakwama baada ya maili chache, vyuma vikang'olewa na kutandikwa mjini. Juu yake vilipita vigari vya toroli: benchi lenye turubai la kivuli, abiria mmoja au wawili wamekaa, na nyuma yao wanaume wawili wakikimbia na kusukuma. Maofisa na matajiri walikuwa na toroli zao wenyewe na wasukumaji waliovishwa sare. Picha za zamani za Mombasa zinawaonyesha vizuri abiria, kofia zao na miavuli yao. Wasukumaji wanaonekana migongo. Toroli hizo zilifanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, motakaa zilipozifukuza.

Kufikia hapo serikali yenyewe ilikuwa imeondoka. Reli kubwa iliyoanza kutandikwa Kilindini mwaka 1896 iliufikisha utawala bara, na mwaka 1905 makao makuu yakahamia Nairobi. Bandari ya maji ya kina ya Kilindini ikachukua meli, mji mpya ukajengwa upande huo, na Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi. Ngome ikawa jela hadi 1958, kisha makumbusho mwaka 1960. Bendera ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu yake hadi uhuru wa Desemba 1963.

Tangu uhuru hadithi ya Ndia Kuu inaelezeka kwa maneno machache: maduka ya vinyago, matengenezo ya hapa na pale, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia Ngome ya Yesu katika orodha ya turathi za dunia. Ngome, siyo mji. Hapo ndipo penye kero yangu. Ngome ililindwa, ikawekewa walinzi na tiketi, na mji ulioilisha, ulioitumikia na ulioasi dhidi yake umeachiwa wenye nyumba. Nyingi kati ya nyumba hizo zina warithi kumi au ishirini wasiokaa pamoja, nyingine ni za wakfu zenye kodi ndogo isiyonunua hata chokaa ya ukuta mmoja. Kumwambia mtu kama huyo asivunje, bila kumsaidia kutengeneza, ni kumwachia mvua imvunjie.

Kabla ya Agosti 2031 kuna kazi tatu zinazowezekana. Serikali ya kaunti na Makavazi ya Kitaifa zianzishe mfuko wa kukarabati roshani na milango, na mafundi wa Mji wa Kale wawe wa kwanza kulipwa kutoka mfuko huo. Shule za Mombasa zifundishe kisa cha Yusuf bin Hasan kuanzia 1614. Na Ndia Kuu iwekewe jiwe kwa Kiswahili, lenye majina ya Hasan bin Ahmad na mwanawe, na kumbukumbu ya wote waliouawa juu ya njia hii, Wareno na Waafrika. Wenye uwezo wa kutoa amri hiyo wanapita hapo kila wiki. Waitoe sasa, wakati nyumba za kuzunguka jiwe hilo bado zimesimama.