Maabara ya Ifakara na umaskini wa Kilombero

Bonde la Kilombero halijawahi kukosa mipango ya kulitajirisha. Waingereza walilipima tangu miaka ya 1920, wakitamani kuyageuza majaruba yake kuwa ghala la nchi. Baada ya Uhuru kilikuja kiwanda cha sukari, ikaja reli ya TAZARA, likaja shamba kubwa la mpunga la Mngeta, ambalo mwaka 1986 liliingia katika ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini na mwaka 2008 likachukuliwa na kampuni binafsi. Miradi hiyo imeacha ajira, njia na masoko, na sina sababu ya kuibeza. Hata hivyo, chombo kilichopambana na umaskini wa bonde hili kwa mfululizo mrefu kuliko vyote kilianza kama maabara ya wadudu, na kilidumu kwa sababu kilikubali kurithiwa na wenyeji.

Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel, alifika mwaka 1949 mjini Ifakara, ndani ya bonde hili, ambako Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa wamekwisha kujenga misheni na hospitali. Mwaka 1957 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ikafungua maabara yake hapo. Alichokifuata ni papasi na mbung'o, si shida za mkulima, na wanaosema bonde lilifanywa uwanja wa majaribio ya wageni wana hoja: kwa miaka mingi damu ilitolewa Kilombero na sifa zikavunwa Ulaya. Ila historia haikuishia hapo. Mwaka 1961, kwa fedha za viwanda vya Basel, kilianzishwa Rural Aid Centre, kituo cha kuwafundisha vijana wa Kitanganyika uganga wa vijijini. Azimio la Arusha lilipoelekeza huduma vijijini miaka michache baadaye, zahanati mpya zilihitaji watu wa aina hiyo hasa, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha chuo kilikuwa mikononi mwa serikali. Maabara nayo ilibadilika. Katika utafiti wa kijiji cha Kikwawila, ulioanza mwaka 1982, watoto walipimwa mwaka hadi mwaka na majibu yakarudishwa kijijini kujadiliwa. Mwaka 1996 ikawa taasisi ya Kitanzania yenye bodi yake, chini ya uongozi wa Watanzania, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Matunda ya mageuzi hayo yalionekana katika mradi wa vyandarua wa KINET, wilayani Kilombero na Ulanga, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya kuuza chandarua hata kimoja, watafiti waliwasikiliza wazazi, wakakuta kwamba homa ilihusishwa na mbu ilhali degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa kupelekwa kwa mganga wa jadi. Mafunzo yakapangwa kufuatana na uelewa huo. Vyandarua na dawa yake, kwa jina la Zuia Mbu, vilipita kwa wenye maduka, wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji. Kwa kuwa kaya za vijiji 25 zilikuwa zikifuatiliwa, kila kizazi na kila kifo kikiandikwa, matokeo yalipimika: uhai wa watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa uliongezeka kwa asilimia 27.

Kuna atakayeuliza chandarua kinahusianaje na umaskini, na tena cha kununua. Swali la kwanza hujibiwa na kalenda ya mpunga: mvua za masika huleta palizi na mbu kwa pamoja, na mama anayeuguza hapalilii. La pili ni zito zaidi. Bei, hata ikipunguzwa, humfungia nje yule aliye fukara kuliko wote. KINET ilijaribu hati za punguzo kwa wajawazito na wenye watoto wa chini ya miaka mitano, na mwaka 2004 ukaanza mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo. Lakini ugawaji wa bure uliofuata ulifikia kaya ambazo punguzo halikuzifikia, na katika hilo wapinzani wa uuzaji walikuwa sahihi. Bado palibaki pengo ambalo chandarua hakiwezi kuliziba. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, zikaishi kwenye madungu mbali na zahanati, na mtoto akishikwa na homa huko, dawa iko ng'ambo ya maji. Tangu 2003 utafiti wa Ifakara umegeukia swali hilo: mgonjwa hupata wapi tiba, kwa nauli gani, na duka la dawa lililo jirani linauza nini.