Saa ya Mkononi: Bado Ina Kazi?

Juzi nilisimama kituo cha daladala pale Mnazi Mmoja, nikamgeukia kijana mmoja aliyekuwa kando yangu, nikamwuliza, "Samahani kaka, saa ngapi saa hizi?" Swali la kawaida kabisa, ndugu msomaji. Baba zetu waliulizana njiani bila hata kujuana majina. Lakini yule bwana alinitazama juu mpaka chini, akaukandamiza mfuko wa suruali yake, kisha akasogea hatua mbili. Mimi kibaka! Alipoona sina dalili ya kukimbia popote, akajibu kwa kukisia, "Itakuwa saa nne hivi." Simu yake haikutoka mfukoni.

Sikumlaumu. Kutoa simu kituoni, watu wanasukumana, ni kutafuta kilio. Lakini nilipopata kiti nilianza kuwaza. Zamani mtu akiulizwa saa alikunja mkono, akatazama, akajibu, basi. Leo swali hilo hilo linamtia mtu hofu. Wenzangu wa rika langu wanasema saa ya mkononi imeshakufa, eti kila kitu kimo ndani ya simu, na anayevaa saa anavaa pambo tu kama hereni. Mimi nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, tena kwa mbwembwe. Siku hizi sisemi tena, na nitaeleza kwa nini. Kwanza tuulize saa ilifikaje mkononi.

Neno saa tumelipata kwa Waarabu, nasi tunalitumia kwa mambo mawili: kipimo cha wakati na chombo chenyewe. Chombo hicho kilianza kikubwa, cha kuwekwa minarani. Mwanzoni mwa karne ya 16 mafundi wa Ujerumani waliweza kuunda saa ndogo za kubebwa, na baadaye, mpaka karne ya 20, mwanamume wa heshima kule Ulaya aliiweka saa yake mfukoni, imefungwa mnyororo. Kuifunga mkononi ilikuwa mambo ya wanawake. Mwaka 1810 Caroline Murat, malkia wa Naples na dada yake Napoleon, alimwagiza fundi mashuhuri wa Paris, Abraham-Louis Breguet, amtengenezee saa ya kuvaa mkononi. Ilikamilika mwaka 1812. Kwa hiyo wanaosema saa ni pambo hawakukosea sana. Ilianza kama bangili.

Kilichoibadilisha ni kazi. Katika vita vya Makaburu na Waingereza kule Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1902, askari waliona tabu ya kuchomoa saa mfukoni huku wameshika bunduki au hatamu za farasi, wakazifunga mikononi kwa mikanda ya ngozi. Halafu akaja Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha vyombo vya angani mjini Paris. Alimlalamikia rafiki yake Louis Cartier kwamba akiwa hewani hawezi kuachia usukani ili apekue mfuko. Mwaka 1904 Cartier akamtengenezea saa ya mkononi. Umeona, msomaji? Yule askari na yule rubani wote walikuwa na saa tayari. Walichokosa ni mkono wa kuishika.

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, ndiyo iliyomaliza ubishi. Katika mahandaki ya Ulaya mizinga ilipigwa kwa ratiba. Mabomu yalitangulia mbele, askari wakayafuata nyuma kwa dakika zilizopangwa, na aliyewahi kutoka aliuawa na mizinga ya upande wake mwenyewe. Maofisa walilinganisha saa zao kabla ya kutoka. Waliorudi nyumbani walirudi nazo mikononi, na nani tena angemcheka askari aliyetoka vitani kwamba amevaa bangili ya kike?

Vita hiyo ilifika mpaka kwetu, Waingereza na Wajerumani wakifukuzana porini. Waingereza walikusanya Waafrika kwa maelfu wawabebee mizigo, kikosi chao kikaitwa Carrier Corps, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi kile ndimi zetu zikalifanya Kariakoo. Kwa hiyo vita ile ile iliyowavisha maofisa wa Ulaya saa, iliwatwika babu zetu mizigo, na jina lake limebaki juu ya soko letu kubwa la Dar es Salaam.

Ni huko huko Kariakoo nilikokwenda mwaka jana nikiwa na saa ya baba kwenye bahasha. Nilimkuta fundi mmoja mzee na meza yake yenye kisanduku cha kioo, lenzi ameibana jichoni. Lakini ndani ya kisanduku saa zilikuwa chache. Sehemu kubwa ilijaa chaja, kava za simu na vioo vya simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Kioo kimepasuka?"

"Hapana mzee, ni saa."

Aliitoa lenzi jichoni akanitazama vizuri. Kisha akacheka. "Saa inanipa heshima," alisema, "simu inanipa ugali."

Alinisimulia kwamba fundi wa saa alipigwa na dhoruba mbili. Ya kwanza ilitoka Japani. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilitoa saa iitwayo Astron, ya kwanza ya mkononi kuuzwa ikiwa inaongozwa na kwatzi. Zamani saa iliendeshwa na springi iliyotiwa ufunguo. Hii mpya ilikuwa na betri na kipande kidogo cha kwatzi, jiwe ambalo likipitishwa umeme hutikisika kwa mwendo usiobadilika. Saa hesabu tu mitikisiko, na katika saa nyingi za leo mitikisiko 32,768 ni sekunde moja. Mwanzoni ilikuwa mali ya tajiri, yen 450,000, karibu bei ya gari dogo. Lakini haikuchukua muda bei zikaporomoka. Uswisi, nchi ya saa, iliumia vibaya. Wafanyakazi wa saa waliokuwa karibu 90,000 mwaka 1970 walipungua hata wasifike nusu katika miaka ya 1980. Waswisi walijibu mwaka 1983 kwa Swatch, saa ya plastiki yenye vipande 51 tu. Mwaka 1989 Wajapani wakatoa Casio F-91W, ile nyeusi ya namba unayoiona mpaka leo kwa wamachinga, ambayo betri yake moja hudumu kama miaka 7. Saa ikawa ya kila mtu, na kwa fundi hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana kitu rahisi kikiharibika hakitengenezwi, hutupwa.

Dhoruba ya pili ni simu. Hapa Tanzania simu za mkononi zilianza mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, na wakati huo simu yenyewe ilikuwa kama tofali na ya wenye nazo. Miaka ya 2000 ikashuka mpaka kwa mama ntilie na mpiga debe, ikiwa na saa, kengele, kalenda, tochi, na kuanzia 2008 hata pesa. Tuseme kweli: kwa usahihi simu inashinda. Inalingana na mtandao yenyewe, haiombi ufunguo. Saa ya baba huchelewa sekunde kadhaa kila siku, na fundi aliniambia niishukuru hata kwa hizo.

Basi kama simu inajua saa vizuri zaidi, saa ya mkononi ya nini?

Jibu la kwanza ni lile lile la Santos-Dumont. Mwangalie dereva wa bodaboda, mikono yote miwili kwenye usukani. Mwangalie mpishi mwenye unga mpaka viwikoni. Mwangalie muuguzi anayehesabu mapigo ya mgonjwa: vidole vyake viko kazini, na saa yake ameibandika kifuani, kichwa chini miguu juu, ili yeye aisome. Na mjue kwamba hata wenye simu wamelikubali jambo hili. Mwaka 2015 kampuni ya Apple, iliyouza mamilioni ya simu, ilianza kuuza saa ya mkononi. Wenye simu wenyewe wamerudi kufunga mkanda!

Jibu la pili linatuhusu sisi Waswahili. Sisi saa za mchana huzihesabu tangu jua linapochomoza. Kinachoitwa na Mzungu saba asubuhi, kwetu ni saa moja. Sasa chukua saa ya mishale. Mshale mdogo ukisimama kwenye 7, tazama ng'ambo yake, utaikuta 1. Ukisimama kwenye 9, ng'ambo ni 3, saa tatu. Wazee wetu hawakutoa sita wala kujumlisha sita. Walisoma upande wa pili wa mshale, hivyo uso mmoja ukawapa saa mbili, ya Mzungu na ya kwetu. Simu ikikuandikia 07:00, hakuna ng'ambo. Hesabu unaifanya kichwani mwako. Mtu ataniambia ni jambo dogo, tumeshazoea. Sawa. Lakini mdogo wangu wa miaka 9 nilipomwonyesha alishangaa kana kwamba nimefanya mazingaombwe.

Jibu la tatu ndilo langu mwenyewe, na sijivunii.

Asubuhi ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne mama aliniletea saa ya baba. Marehemu baba aliinunua kwa mshahara wake wa bandarini, saa ya springi, kioo kimekwaruzika, mkanda umebadilishwa mara sijui ngapi. "Vaa hii mwanangu, ikusaidie." Nikacheka. "Mama, nani anavaa saa siku hizi? Saa iko kwenye simu." Aliirudisha kabatini bila kusema neno.

Simu haiingii chumba cha mtihani, hilo kila mtahiniwa anajua, na mimi nilijua. Nilitegemea saa ya ukutani. Kumbe ile saa ilikuwa imelala kwenye saa nne na dakika kumi, sijui tangu muhula gani. Msimamizi alisema atatutangazia muda, akatangaza mara moja tu mwanzoni, kisha akazama kwenye makaratasi yake. Insha niliiweka mwisho kwa makusudi, kama mtoto anayebakiza kipande cha nyama, maana ndiyo niliyoipenda. Niliamini nina muda tele. Nilikuwa aya ya pili, mhusika wangu ndiyo kwanza amefika stendi na sanduku lake, niliposikia, "Weka kalamu chini." Mwenzangu wa dawati la mbele alikuwa ameshamaliza na anarudia kusoma. Mkononi alikuwa na ile Casio nyeusi ya namba.

Sisemi kwamba saa ndiyo iliyonifelisha. Hesabu zilinifelisha vya kutosha. Lakini ile insha ilikuwa yangu, nami niliikosa kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe asubuhi ile. Kilichoniuma zaidi siyo alama. Ni jinsi mama alivyolifunga lile kabati.

Ndiyo maana mwaka jana nilimwomba saa ile nikaipeleka Kariakoo. Fundi aliifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akaniwekea sikioni. Ilikuwa inalia. Niliporudi nyumbani mama aliisikiliza naye, akasema, "Baba yako alikuwa akiitia ufunguo akitoka kusali alfajiri."

Sasa nami huitia ufunguo kila alfajiri, kisha nakaa kuandika riwaya yangu mpaka saa moja na nusu, kabla sijatoka kwenda kutafuta riziki. Simu naiacha chumba cha pili kwa mama. Zamani nilikuwa nayo mezani. Nikitaka kujua saa tu, naikuta saa, na chini yake ujumbe wa mshikaji, na chini yake matokeo ya mpira, na nikiinua kichwa nusu saa imekwenda na ukurasa mweupe. Simu haikupi wakati bure. Hukupa wakati pamoja na watu wote wanaoutaka wakati huo. Saa ya baba hunijibu swali moja nililoiuliza, kisha hunyamaza.

Kwa hiyo siwaambii mtupe simu zenu, mimi mwenyewe nisingeweza kuishi mjini bila yangu. Wala siwaambii mkanunue saa ya dhahabu ya bandia mkavimbe nayo. Nasema tu saa ilipanda mkononi kwa ajili ya watu wenye kazi mikononi, na watu hao bado wapo. Nasi tunaoshika kalamu tumo.

Na ukiniona kituoni pale Mnazi Mmoja, niulize tu saa ngapi. Nitakunja mkono, nitatazama ng'ambo ya mshale, nitakujibu. Uongeze mwenyewe zile sekunde chache za baba.