Sikoseli: Mambo ya kuzingatia mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali

Kuruhusiwa kutoka wodini hakumaanishi kwamba krizi imeisha kabisa. Kwa anayeishi na selimundu, ugonjwa ambao mtaani wengi wanauita sikoseli, siku za kwanza nyumbani zinahitaji umakini mkubwa. Maumivu yanaweza kurudi kabla hata dawa alizopewa hazijaisha.

Sikoseli ni nini?

Ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Hauambukizi, na hautokani na kurogwa.

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini na za mviringo. Kwa mwenye ugonjwa huu hugeuka na kuwa na umbo la mundu, na ndiyo asili ya jina selimundu. Chembe hizo ni ngumu, hunasa kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu huanza kuuma. Hiyo ndiyo krizi.

Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yenye umbo la mundu huishi siku 10 mpaka 20 tu, ndiyo maana mgonjwa huwa na upungufu wa damu hata siku anazojisikia vizuri.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hesabu hiyo inaanza upya kila mimba. Kuwa tayari na mtoto mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata.

Kwa nini krizi hujirudia?

Vichochezi vinavyojulikana ni malaria na maambukizi mengine, mwili kukosa maji, baridi, uchovu na msongo wa mawazo. Wakati mwingine krizi inakuja tu, bila mgonjwa kukosea chochote. Kumlaumu hakusaidii.

Siku za kwanza nyumbani

• Dawa za maumivu zitumike kama daktari alivyoelekeza. Kuacha ghafla kwa sababu "nimepata nafuu" ni kosa la kawaida. Kuongeza dozi kiholela nako ni hatari, kwani baadhi ya dawa hizo huumiza figo.

• Anywe maji mara kwa mara, asisubiri kiu.

• Apumzike, lakini asilale kutwa nzima. Kutembea taratibu na kuvuta pumzi ndefu mara kwa mara husaidia mapafu.

• Ajikinge na baridi. Kuoga maji ya uvuguvugu ni bora kuliko ya baridi.

• Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

• Foliki asidi iendelee. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyeandikiwa penisilini ya kinga asikatishwe.

• Asipewe dawa za kuongeza damu zenye madini chuma bila vipimo. Aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana madini hayo kupita kiasi.

Dalili za kumrudisha hospitali haraka

• Homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa kwa mtoto. Usisubiri asubuhi.

• Maumivu ya kifua, kikohozi au kupumua kwa shida.

• Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, kushindwa kuongea au degedege. Hizi zinaweza kuwa dalili za kiharusi, na kinaweza kumpata hata mtoto.

• Kupauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto, ilipo bandama. Mzazi aombe kliniki imfundishe namna ya kuipapasa.

• Uume kusimama na kuuma bila kulala. Ukifikisha saa nne ni dharura. Vijana wengi wanalificha hili kwa aibu, na kuchelewa kunaweza kuleta madhara ya kudumu.

"Mbona jana ulikuwa mzima?"

Hilo ni swali ambalo wagonjwa wanakutana nalo kazini na shuleni. Maumivu ya krizi hayaonekani kwa macho, hayana kidonda wala bandeji, hivyo ni rahisi mtu kuambiwa anajidekeza.

Inasaidia mwajiri au mwalimu akielezwa mapema, kabla krizi haijatokea. Mwanafunzi aruhusiwe kunywa maji darasani, kwenda chooni anapohitaji na kuvaa sweta. Anaporudi kutoka hospitali, apewe notisi za vipindi vilivyompita badala ya adhabu ya utoro.

Kuna tiba?

Haidroksiyurea hupunguza idadi ya krizi kwa wengi wanaoitumia. Inachukua miezi kadhaa kuonyesha matokeo, na inahitaji vipimo vya damu mara kwa mara. Haitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Mwanamke anayepanga kupata ujauzito azungumze kwanza na daktari.

Upandikizaji wa uloto unaweza kuponya kabisa. Nchini Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuutoa kwa watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Changamoto ni gharama na kumpata mchangiaji anayeendana na mgonjwa, ambaye mara nyingi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Kwa walio wengi, kinga kubwa bado ni kliniki. Tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya ruhusa isirukwe, hata kama mgonjwa hana maumivu. Siku hiyo ndiyo daktari anapata nafasi ya kupima damu, figo na bandama bila presha ya krizi.