Kipimo na Kuku: Jinsi Maandishi Yalivyomuunda Ndege wa Maonyesho (1845–1948)

0. Utangulizi

Kila lugha ya watu wafugao ina majina ya kuku. Kiswahili humwita kidimu kuku ambaye manyoya yake yamejipinda na kusimama, kishingo yule ambaye shingo yake haina manyoya, na kuchi yule mrefu, mwenye miguu mikubwa na shingo iliyonyooka. Majina haya yanataja kile ambacho jicho limekwisha kukiona: mfugaji hutazama kwanza, kisha hutaja.

Katika Uingereza na Marekani ya karne ya 19 mpango huo ulipinduliwa. Wafugaji walikaa pamoja, wakaandika maelezo ya kuku aliye kamili, kisha wakaanza kumtafuta kuku huyo katika mayai ya miaka iliyofuata. Maelezo hayo yaliitwa kipimo, na kuku aliyekaribia kipimo ndiye aliyepewa tuzo. Makala haya yanafuata historia ya kipimo hicho tangu onyesho la London la mwaka 1845 hadi shindano la Marekani la mwaka 1948. Hoja yake ni moja: kipimo kilichoandikwa kilihifadhi kwa uaminifu kila kilichotajwa ndani yake, na kile kilichoachwa bila kutajwa kilipotea polepole, hata kama ndicho kilichokuwa na faida kubwa kuliko vyote.

1. Kabla ya kitabu

Fikira ya kwamba kuku bora ana alama zake si ya jana. Columella, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alikwisha kuwasifu kuku wenye vidole vitano mguuni, na kidole hicho cha tano bado ni alama ya kuku wa Kiingereza aitwaye Dorking. Hata hivyo, kwa karne nyingi nasaba zilizotunzwa kwa bidii zaidi zilikuwa zile za majogoo wa kupigana. Uwanja wa mapigano ndio uliokuwa mwamuzi: jogoo dhaifu alikufa, na mwenye nguvu akapewa mitetea. Mwaka 1835 sheria ya Uingereza ya kuzuia ukatili juu ya wanyama ilipiga marufuku mapigano hayo. Basi ujuzi wa kulinda damu ya ndege ulibaki mikononi mwa watu, lakini uwanja wa kuupima ukaondolewa.

Wakati huo njia nyingine ilikwisha kuonyeshwa na Sir John Sebright (1767–1846), aliyechapisha mwaka 1809 kijitabu juu ya kuboresha wanyama wa kufugwa. Yeye alimtengeneza kuku mdogo ambaye kila unyoya wake umezungushiwa ukingo mweusi mwembamba, na jogoo wake amevaa manyoya kama ya jike. Kuku huyo, anayeitwa Sebright hadi leo, hakukusudiwa kwa nyama wala kwa mayai. Alizalishwa ili atazamwe.

2. Maonyesho na homa ya kuku

Onyesho la kuku ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza lilifanyika mwaka 1845 katika bustani ya wanyama ya London. Miaka ile ile, baada ya bandari za China kufunguliwa kwa mkataba wa mwaka 1842, kuku wakubwa wenye manyoya hadi miguuni walifika Ulaya. Waliitwa Cochin China, ingawa asili yao ilikuwa China yenyewe. Malkia Victoria alifuga baadhi yao, na watu wakataka kufuga kama Malkia. Mwezi wa Novemba 1849 wakazi wa Boston, nchini Marekani, nao wakafanya onyesho lao la kwanza.

Bei zilipanda kupita kiasi, na majina ya nasaba yakawa mengi kuliko nasaba zenyewe. George P. Burnham, mfanyabiashara wa kuku wa Marekani, aliyewahi kumpelekea Malkia Victoria kuku wa zawadi, alichapisha mwaka 1855 kitabu cha kuicheka biashara hiyo aliyokuwa amenufaika nayo. Ugonjwa huo wa tamaa aliuita homa ya kuku. Chini ya mzaha wake kulikuwa na swali zito: mnunuzi atajuaje kwamba ndege aliyeuziwa ndiye yule aliyetajwa? Jina peke yake lilikuwa halitoshi tena. Ilihitajika maana ya jina, iliyoandikwa na kukubaliwa na watu wote.

3. Kitabu cha kipimo

Jibu lilitolewa mwaka 1865, pale chama cha wafugaji wa Uingereza kilipochapisha kipimo cha kwanza cha kuku wa maonyesho. Mhariri alikuwa W. B. Tegetmeier, ambaye tangu mwaka 1855 aliandikiana na Charles Darwin na kumpatia habari na vielelezo vya njiwa na kuku. Darwin alivitumia katika kitabu chake cha mwaka 1868 juu ya mabadiliko ya wanyama na mimea ya kufugwa, alimodai kwamba kuku wote wa nyumbani wametokana na kuku mwekundu wa misitu ya Asia. Huko Marekani, chama cha wafugaji kiliundwa mwaka 1873 mjini Buffalo, na kipimo chake kikatoka mwaka 1874.

Muundo wa maandishi hayo unastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Kipimo humgawa ndege sehemu sehemu: kichwa, upanga wa kichwani, macho, masikio, shingo, mgongo, mkia, kifua, mbawa, miguu, vidole. Kila sehemu hupewa sifa zake, kisha alama zake, na jumla ya alama ni 100. Mwishoni hutajwa kasoro ambazo zikionekana ndege huondolewa mara moja, kwa mfano upungufu wa kidole au upanga wa umbo lisilo lake. Hakuna kitenzi cha wakati uliopita. Ndege anayeelezwa hajazaliwa. Ni amri iliyovikwa vazi la maelezo.

4. Kutoka yai hadi kizimba

Amri hiyo ilitimizwa kwa kazi ndefu. Mfugaji alichagua jogoo mmoja na mitetea michache, akawatenga ili baba wa kila kifaranga ajulikane. Mayai yalichaguliwa kwa umbo na ukubwa, yakawekwa chini ya koo aliyetaka kuatamia, au katika mashine yenye joto la karibu digrii 38. Yaligeuzwa kila siku, na baada ya wiki moja yakapitishwa mbele ya taa ili yasiyo na mbegu yaondolewe. Siku ya 21 vifaranga walitoboa maganda. Wengine walitobolewa tundu dogo katika ngozi iliyo kati ya vidole, na mpangilio wa matundu hayo ukawa ndio uandishi wa ukoo wao.

Kisha ulianza uchaguzi, ambao ndio kiini cha kazi yote. Mwenye kidole kilichopinda alitolewa, mwenye unyoya mweupe pasipotakiwa alitolewa, na walipofika miezi michache wengi wa waliobaki walikwenda sokoni au jikoni. Wachache waliosalia walipandishwa na jamaa zao wa karibu ili sifa zilizopatikana zisitawanyike. Njia hiyo iliimarisha sura, lakini iliimarisha pia udhaifu uliojificha katika damu, kwa kuwa mwamuzi wa maonyesho hakuwa na alama ya kumpa kifaranga kwa kuishi tu.

5. Maneno yanapopingana na damu

Mara nyingine kipimo kilidai jambo ambalo maumbile hayawezi kulitoa. Kuku wa Andalusia alitakiwa kuwa na rangi ya samawati. Wafugaji waliona kwamba, hata wakipandisha samawati kwa samawati kizazi baada ya kizazi, vifaranga weusi na weupe wenye madoa waliendelea kutoka, wakadhani damu haijasafishwa vya kutosha. Mapema katika karne ya 20 William Bateson na R. C. Punnett wa Cambridge walieleza sababu. Samawati ni rangi ya ndege aliyepokea urithi wa namna mbili. Akipandishwa na mwenzake, kwa wastani nusu ya watoto huwa samawati, robo weusi, na robo weupe wenye madoa. Ajabu ni kwamba mweusi akipandishwa na mweupe mwenye madoa, yaani kwa wale wawili waliokuwa wakitupwa, watoto wote huwa samawati. Kilichoitwa uchafu kilikuwa ndicho chemchemi ya usafi uliotafutwa.

Mfano wa pili ni kuku wa Marekani aitwaye Plymouth Rock mwenye mistari. Kipimo kilitaka jogoo na jike wafanane kwa rangi, lakini jogoo hurithi mistari kwa baba na kwa mama, na jike huirithi kwa baba peke yake. Kwa hiyo jogoo huwa mweupe zaidi daima. Ili kulitii neno, wafugaji walianzisha koo mbili: moja ya kuzaa majogoo wa maonyesho, nyingine ya kuzaa mitetea wa maonyesho. Mbele ya mwamuzi walisimama kama mume na mke wa nasaba moja, kumbe hawakuwa hata wa nyumba moja.

6. Kilichoachwa bila kutajwa

Msiba mkubwa zaidi ulimpata kuku mweusi wa Kihispania mwenye uso mweupe. Katikati ya karne ya 19 alisifiwa kwa mayai yake makubwa meupe na kwa wingi wake. Alama yake ilikuwa ngozi nyeupe usoni, na waamuzi wakaipenda. Kila mwaka aliyekuwa na uso mpana zaidi alishinda, na kila mwaka yeye ndiye aliyepandishwa, mpaka ngozi hiyo ikaning'inia. Vifaranga wakawa wagumu kulea, na mayai yakapungua. Kabla ya mwisho wa karne watu waliohitaji mayai walimgeukia ndugu yake mwenye uso mwekundu, Minorca. Hakuna aliyekusudia kumharibu kuku huyo. Uso ulikuwa na alama, na uzima haukuwa nazo.

Mwaka 1948 kipimo cha namna nyingine kilishinda. Katika fainali ya shindano lililoitwa Kuku wa Kesho, iliyofanyika katika jimbo la Delaware, nchini Marekani, waamuzi walitumia vinyago vya nta vyenye umbo la kuku aliyechinjwa, mwenye kifua kipana. Mshindi alikuwa kuku wa mchanganyiko, si wa nasaba safi. Tangu hapo soko la nyama liliwafuata chotara, na wale wa nasaba wakabaki kwa wapenzi wa maonyesho. Lakini ni wapenzi hao hao, pamoja na vyama vya kuhifadhi nasaba adimu vilivyoanzishwa Uingereza mwaka 1973 na Marekani mwaka 1977, waliowafanya Dorking na Kihispania wawe hai hadi leo. Kipimo kilichodhoofisha ndicho pia kilichohifadhi.

7. Hitimisho

Historia hii ina jambo la kuwaambia wanaoshughulika na usanifishaji wa lugha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kuandaa kipimo chake. Faida yake ni kubwa, na makala haya yenyewe yanaitegemea. Hata hivyo, katika miji ya Kongo mtoto mdogo huitwa katoto na wengi wao tutoto, wakati kipimo kinazitambua ki- na vi- kuwa ndizo alama za kudogosha. Mwalimu anayesahihisha huondoa ka- na tu- kama mfugaji wa Andalusia alivyowatupa vifaranga weusi, naye huenda hajauliza zina kazi gani katika ukoo mzima wa lugha. Kipimo ni lazima kiwepo. Wajibu wa wataalamu ni kuandika, kando yake, yale ambayo hakikuyapa alama, maadamu bado yanasikika vinywani mwa watu.