Habari za Stesheni ya Mwanza

Wasikilizaji wetu, mtu wa Buswelu akitelemka Mwanza mjini huiona stesheni ya gari la moshi karibu na maji, wala haulizi kwa nini ilijengwa pale. Walakini mahali pale pana maana yake, nayo ndiyo habari yangu ya leo.

Wadachi walijenga boma Mwanza mwaka 1892. Siku zile bidhaa za Usukuma zilikwenda pwani vichwani mwa wapagazi, kila mtu na mzigo wa ratili 60 hivi. Hata mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ikafika Kisumu, ng'ambo ya ziwa. Ndipo mambo yalipogeuka. Ngozi, karanga na mchele wa Mwanza vikapakiwa melini kwenda Kisumu, na faida ya uchukuzi ikaenda Mombasa. Fikirini: nchi ni ya Wadachi, mali yapitia mlango wa jirani! Nao walikuwa na reli yao, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bali ililiacha ziwa letu mbali kaskazini. Wakaanza njia nyingine kutoka Tabora kuelekea Rwanda; vita vikaikatiza.

Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi, ndipo lilipojengwa tawi la Tabora hata Mwanza, maili kama 235, kupitia Isaka, Shinyanga, Malampaka na Fela. Lilimalizika mwaka 1928, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron. Njia ilishuka mpaka ufukweni ili meli na gari vikutane, na pamba ya Usukuma ipate njia yake ya Dar es Salaam.

Watu husifu pamba. Mimi nawakumbuka zaidi vijana. Waliozoea kwenda kwa miguu kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, sasa waliweza kukata tikiti. Na si wote waliorudi.

Katika miaka ya 1960 ikaja meli iitwayo Umoja, ambayo mabehewa huingia ndani yake juu ya reli na kuvuka ziwa bila kupakuliwa.

Reli ile ya kale ina upana wa meta moja. Mwezi wa Juni 2021, huko Fela, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli pana zaidi, ya kutoka Mwanza mpaka Isaka.